Njia moja, wasemaji wengi: ufanisi ni wa nani?

Mwaka 1956 ulianza kazi mkongo wa kwanza wa simu kuvuka bahari ya Atlantiki, TAT-1, kutoka Oban huko Scotland hadi Clarenville huko Newfoundland. Ulikuwa na chaneli 36. Mahitaji yalikuwa makubwa kuliko hapo, kwa hiyo wahandisi wakaubana upana wa kila sauti hadi zikapatikana chaneli 48. Bado hazikutosha. Mwaka 1960 ukafungwa mtambo ulioitwa TASI, uliotegemea jambo ambalo kila mtu analijua: mtu akiwa kwenye simu, zaidi ya nusu ya muda huwa hasemi. Anamsikiliza mwenzake, anavuta pumzi, anatafuta la kujibu. TASI iliuvizia ukimya huo, ikaichukua chaneli kwa muda na kumpa mtu mwingine aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Mazungumzo yaliyoweza kupita yakawa karibu maradufu bila kuongeza hata mita moja ya waya.

Tatizo lilijitokeza pale watu wengi walipoanza kusema kwa mpigo. Chaneli hazikutosha, na mtambo ulimweka mtu pembeni mpaka nafasi ipatikane. Aliyekuwa ng'ambo ya pili alisikia neno limekatwa kichwa: silabi ya kwanza haipo. Mwenye mkongo alikuwa amepata faida kubwa, na aliyepoteza silabi hakuwa na njia ya kujua kwa nini.

Hiyo ndiyo maltipleksi, mbinu ya kupitisha mawasiliano ya watu wengi kwenye njia moja, iwe waya, mkongo au kipande cha masafa ya redio. Kwamba inahitajika, hakuna anayebisha. Hatuwezi kutandaza waya kwa kila jozi ya watu wanaotaka kuzungumza, na masafa ya redio hayatengenezwi kiwandani. Mwaka 1874 Thomas Edison alipitisha telegramu nne kwa pamoja kwenye waya mmoja, mbili kila upande, na mwaka huohuo Émile Baudot wa Ufaransa akasajili telegrafu ya zamu, ambayo watumaji wake walilazimika kubonyeza vitufe kwa mdundo maalumu ili kila mmoja aingie kwenye zamu yake. Tangu wakati huo kinachobishaniwa ni namna ya kugawana.

Kambi ni mbili. Ya kwanza inasema kila mtumiaji atengewe sehemu yake, aitumie asiitumie. Ya pili inasema njia iwe ya wote, mwenye haja achukue, asiye na haja akae kando. Mimi nimeelemea kambi ya pili, na intaneti yote ni ushahidi wake. Lakini nina ugomvi nayo juu ya kipimo inachokipenda kuliko vyote: asilimia ya njia inayotumika. Naona kipimo hicho kinahesabu faida ya mwenye njia na kuiacha hasara mikononi mwa anayepita.

Kuna jambo moja ambalo kambi zote mbili hulisahau zikipamba moto. Maltipleksi haiongezi uwezo wa njia. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ina kikomo kinachotokana na upana wa masafa yake na nguvu ya ishara ikilinganishwa na kelele, na hakuna ujanja wa kugawana unaoweza kukivuka. Hata antena nyingi za simu za leo, zinazopeleka mikondo kadhaa kwenye masafa yaleyale, hazijavunja kanuni hiyo. Zimefungua njia mpya angani pale mazingira yanaporuhusu. Kinachobaki ni mgao, na mgao wowote una anayepata na anayekosa.

Sehemu iliyotengwa

Mgao wa zamani zaidi kwenye simu ulikuwa wa masafa. Sauti ya simu inahitaji kati ya hezi 300 na 3,400. Kila sauti ilipewa kilohezi 4, kisha sauti kumi na mbili zikapangwa ubavu kwa ubavu kati ya kilohezi 60 na 108. Ukipiga hesabu utaona kwamba zaidi ya moja ya tano ya masafa hayo haikubeba kitu. Ilikuwa ukuta kati ya jirani na jirani, kwa sababu chujio la umeme haliwezi kukata masafa wima kama kisu, na bila ukuta mazungumzo ya mmoja yangevuja kwa mwingine.

Ukaja mgao wa muda. Marekani ilianza kutumia mfumo wa T1 mwaka 1962, na Ulaya ikaja na wake, E1, ambao ulienea sehemu kubwa ya dunia. Itazame E1 kwa karibu. Kila mikrosekunde 125 inatoka fremu moja yenye nafasi 32, kila nafasi ikiwa na biti 8. Nafasi namba 0 ni ya kuweka saa za pande zote mbili sawa. Nafasi namba 16 kwa kawaida hubeba maagizo ya simu: nani anampigia nani, nani amekata. Zinabaki 30 za sauti. Jumla ni megabiti 2.048 kwa sekunde, usiku na mchana. Ukinyamaza kusikiliza, nafasi yako inaendelea kuondoka mara 8,000 kila sekunde ikiwa imebeba ukimya.

Mtu wa kambi ya pili akiona hivyo anashika kichwa. Huo ni ubadhirifu, atasema, na kwa hesabu za njia yuko sahihi. Lakini mtazame anayetumia nafasi hiyo. Kuchelewa kwa sauti yake kunajulikana, na ni kulekule saa tisa usiku na saa ambayo kila mtu yuko kwenye simu. Jirani yake hawezi kumpunguzia hata biti moja. Njia ikijaa, anayekuja baadaye anapata mlio wa kumwambia laini zote zinatumika, na walio ndani hawasikii tofauti yoyote. Mfumo unakataa mlangoni, kwa uwazi. Naupenda uungwana huo, na naona tumeukumbuka tukiwa tumechelewa.

GSM, mtandao wa simu za mkononi wa kizazi cha pili, iliendeleza mtindo huo hewani. Kipande cha kilohezi 200 kinagawanywa kwa simu nane zinazopokezana: kila moja ina takriban mikrosekunde 577, kisha inasubiri mzunguko wa milisekunde 4.615 umalizike. Waliowahi kuacha simu ya GSM karibu na spika ya redio wanakumbuka ule mlio wa trr-trr, trr-trr uliotangulia simu kuita. Walikuwa wanasikia mgao wa muda kwa masikio yao: simu inarusha ishara, inanyamaza, inarusha tena, karibu mara 217 kwa sekunde.

Mgao huo una gharama ambayo haionekani kwenye asilimia. Ishara inachukua muda kusafiri, na simu iliyo mbali lazima ianze kurusha mapema ili ifike ndani ya zamu yake. GSM ya kawaida iliweka kikomo cha kilomita 35 hivi. Nje ya hapo, hata kama mnara unaonekana kwa macho na ishara ni nzuri, simu haipokelewi, maana itaingia kwenye zamu ya mwenzake.

Biashara ya ukimya

Kambi ya pili ilipata hesabu zake mapema. Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kati ya 1909 na 1917 kanuni za kukadiria laini ngapi zinatosha kwa wapigaji wengi wasiopiga wote kwa pamoja. Miaka ya 1960 Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kibebe anwani yake na kipite panapopatikana nafasi. Mwaka 1969 ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ikawashwa kwa mtindo huo.

Faida yake ni kubwa mno na haifai kubezwa. Chukua watu 100. Kila mmoja anatumia mtandao kwa dhati asilimia 10 tu ya muda, na anapotumia anahitaji megabiti 1 kwa sekunde. Anayetenga sehemu atajenga njia ya megabiti 100. Anayechanganya wote anajua kwamba kwa wastani zinatumika 10, akiongeza akiba anajenga 20. Uwezekano wa watu zaidi ya 20 kuhitaji kwa wakati mmoja ni chini ya moja kwa elfu. Gharama imeshuka mara tano na karibu hakuna aliyeumia. Kwa mtandao uliotakiwa kuwafikia watu wengi kwa bei wanayoimudu, sioni njia nyingine ambayo ingewezekana.

Lakini hesabu hiyo imesimama juu ya dhana moja: kwamba kila mtu anaamua kivyake. Kwenye maisha watu hufanya jambo moja kwa pamoja. Mechi ya fainali ikianza, tetemeko likitokea, matokeo ya mitihani yakitangazwa, wale 100 hawana tena asilimia 10 kila mmoja. Wanahitaji wote, dakika ileile. Njia ya megabiti 20 iliyokuwa ya busara jana inakuwa tundu la sindano. Na tazama siku hizo zilivyo: ndizo ambazo mtu angependa mawasiliano yasimwangushe.

Hata siku ya kawaida kuna foleni. Hapa ndipo asilimia ya matumizi inapopotosha zaidi. Katika hesabu rahisi ya foleni, ambapo vipande vinafika bila mpangilio, njia ikitumika kwa asilimia 50 muda wa kupita unakuwa mara mbili ya ule wa njia tupu. Kwa asilimia 80 ni mara tano. Kwa asilimia 90 ni mara kumi, kwa 95 mara ishirini, kwa 99 mara mia. Meneja anayesherehekea kuitoa njia yake kwenye 90 kuipeleka 99 ameongeza kazi inayopita kwa sehemu moja ya kumi, na amewafanya wateja wasubiri mara kumi zaidi. Ni kama dirisha la tiketi: karani asiyepumzika hata sekunde ni dalili ya foleni ndefu nje.

Kwa hiyo nafasi tupu si upotevu wote. Sehemu yake ndiyo inayonunua wepesi. Kambi ya kwanza ililijua hilo bila kulisema vizuri, na ya pili imelisema vizuri kwenye vitabu, ikalisahau kwenye bajeti.

Mgawaji wa kila milisekunde

Kati ya kambi hizo kuna waliojaribu kupita katikati. Mfumo wa misimbo, ambao kwenye simu ulitumika sana katika kizazi cha tatu, uliwaacha watu wote waseme kwa pamoja kwenye masafa yaleyale, kila mmoja kwa msimbo wake, na mpokeaji akachambua. Hakuna ukuta wa masafa, hakuna zamu. Lakini aliye karibu na mnara angewafunika walio mbali, kwa hiyo UMTS, mtandao wa kizazi hicho, iliamuru simu zirekebishe nguvu zake mara 1,500 kila sekunde. Tena, watu walipoongezeka kelele iliongezeka, na eneo linalofikiwa na mnara likasinyaa. Mtu wa pembezoni aliweza kupoteza mawasiliano akiwa amekaa kwenye kiti kilekile.

Uliotawala baadaye ni OFDM. Robert Chang wa maabara za Bell Labs huko Marekani aliuelezea mwaka 1966: masafa madogo mengi yakipangwa kwa nafasi sahihi yanaweza kuingiliana bila kudhuriana, na ukuta kati yao hauhitajiki. Kwenye LTE, mtandao wa simu wa kizazi cha nne, nafasi hiyo ni kilohezi 15. Sifa zake zinajulikana, nitasema tu kwamba ukuta haukufa, ulihamia kwingine. Kati ya megahezi 20 za LTE zinazotumika ni 18, na mbele ya kila alama, yaani kipande kimoja cha ishara, ya mikrosekunde 66.7 kuna takriban mikrosekunde 4.7 za kinga dhidi ya mwangwi wa majengo na milima. Mawimbi mengi yakijumlishwa pia hutoa vilele vikali vinavyoichosha ampilifaya, yaani kikuza ishara, ndiyo maana LTE iliyapa mawasiliano yanayotoka kwenye simu mtindo tofauti kidogo, kuilinda betri.

Jambo zito zaidi lililokuja na LTE ni mgawaji: programu ndani ya mnara inayoamua, kila milisekunde, nani apewe vipande vipi vya masafa. Hapa ndipo swali la ufanisi wa nani linapoonekana kwa macho.

Tuchukue simu mbili tu. Ya kwanza iko chini ya mnara, na ikipewa njia yote inashusha megabiti 40 kwa sekunde. Ya pili iko pembezoni, nyuma ya kuta nene, na ikipewa njia yote inapata megabiti 2. Mgawaji anaweza kufanya mambo matatu. Akimpa wa kwanza muda wote, mnara unabeba 40, na wa pili anapata sifuri. Akigawa muda nusu kwa nusu, wa kwanza anapata 20, wa pili 1, jumla 21. Akiamua wote wapate kasi sawa, itambidi ampe wa pembezoni zaidi ya asilimia 95 ya muda. Kila mmoja atapata kama megabiti 1.9, na jumla ya mnara itaanguka hadi 3.8.

Namba 40, 21 na 3.8 zote zimetoka kwenye mnara mmoja, masafa yaleyale, mitambo ileile. Ipi ndiyo yenye ufanisi? Kwa kipimo cha megabiti kwa kila hezi, ya kwanza, bila ubishi, na ni ya kikatili. Kwa usawa wa matokeo, ya tatu, na inawaadhibu wote kwa sababu ya ukuta wa nyumba ya mmoja. Wahandisi wengi wameishia kwenye kanuni ya mgao wa uwiano, ambayo katika mfano huu inatoa ile ya katikati, muda sawa kwa kila mmoja, kisha inaongeza ujanja wa kumpa mtu zamu pale ishara yake inapokuwa nzuri kuliko kawaida yake mwenyewe. Naiona ni suluhu ya busara. Ila nisichokubali ni kuiita hesabu tupu. Kuna mtu aliyeamua kwamba megabiti 19 za jumla zipotee ili yule wa pembezoni asikae gizani, na mtu mwingine kesho anaweza kuigeuza namba hiyo kwenye mipangilio bila yeyote nje ya chumba cha mitambo kujua.

Mwanga na mayai yote kapu moja

Kwenye nyuzi za kioo mgao ni wa rangi za mwanga. Leza nyingi, kila moja kwenye urefu wake wa wimbi, hupita ndani ya uzi mmoja mwembamba kama unywele. Kilichoifanya biashara hiyo ilipe ni ampilifaya ya erbiamu, iliyoonyeshwa mwaka 1987 na watafiti wa Southampton wakiongozwa na David Payne: inakuza rangi zote kwa mpigo bila kuzigeuza kuwa umeme kwanza. Kabla ya hapo, kila mkondo ulihitaji kifaa chake kila baada ya umbali fulani.

Hoja ya wanaopinga ni nyepesi kueleweka. Nanga ya meli ikiupata mkongo, rangi zote zinazimika pamoja. Ulichookoa kwa kurundika umekilipa kwa hatari ya kurundika. Watetezi hujibu kwamba dawa yake ni mkongo wa pili kwenye njia nyingine, na hapo sina la kuongeza, mradi kweli upite njia nyingine, maana hutokea nyuzi za "akiba" zikalala mtaro mmoja na zile zinazozilinda.

Kuna kikomo cha pili kinachovutia zaidi. Ukiongeza nguvu ya mwanga ili upenyeze data zaidi, kioo chenyewe huanza kuzichanganya rangi. Kuanzia kiwango fulani, kuongeza nguvu kunaharibu. Juu ya hilo, umeme wa ampilifaya zilizo chini ya bahari unatoka nchi kavu kupitia mkongo wenyewe, kwa hiyo una mipaka. Wajenzi wa mikongo wakabadili mkakati: badala ya kuukamua kila uzi hadi tone la mwisho, waongeze nyuzi na kuziendesha kwa nguvu ya wastani. Mkongo wa Dunant, kati ya Virginia Beach na pwani ya Ufaransa, ulioanza kazi mwaka 2021, una jozi 12 za nyuzi na uwezo wa takriban terabiti 250 kwa sekunde. Kila jozi peke yake haikamuliwi kama ambavyo ingewezekana. Mkongo mzima ndio unaobeba zaidi. Wale waliowaza kwamba ufanisi ni kujaza kila njia hadi ukingoni wangeuona mpango huo kuwa wa ajabu.

Mgogoro uleule kwenye programu

Mwaka 2015 HTTP/2, toleo jipya la kanuni ambayo kivinjari huzungumza nayo na seva, ilileta maltipleksi kwenye vivinjari. Awali kivinjari kilifungua miunganisho hadi sita kwa seva moja ili picha na maandishi yashuke kwa pamoja. HTTP/2 ikaviingiza vyote kwenye muunganisho mmoja, vikapokezana. Kwenye mtandao msafi ilikuwa nafuu kubwa. Kwenye mtandao unaopoteza pakiti, yaani vile vipande vya data, kasoro ilijitokeza: TCP, kanuni ya usafirishaji iliyo chini yake, hukabidhi data kwa mpangilio, kwa hiyo pakiti moja ya picha moja ikipotea, vyote vilivyo nyuma yake vinasimama kuisubiri, hata maandishi ambayo yameshafika salama. Ile miunganisho sita ya zamani, iliyoonekana ya kishamba, wakati mwingine ilifanya vizuri zaidi kwa mtu mwenye mtandao mbovu. QUIC, njia mpya ya usafirishaji iliyopitishwa kuwa kanuni mwaka 2021, ilirekebisha kwa kuupa kila mkondo hesabu yake, ili pakiti iliyopotea isimamishe mkondo wake peke yake. Kwa maneno mengine, walirudisha utengano waliokuwa wameuondoa, safari hii bila kurudisha gharama yake.

Si mara ya kwanza kambi hizi kujaribu kuoana. ATM ya miaka ya 1980 na 1990, teknolojia ya mitandao na si mashine ya fedha, ilitaka kubeba sauti na data kwenye seli ndogo za ukubwa mmoja. Wamarekani walitaka baiti 64 za mzigo, Wazungu wa Ulaya 32 ili sauti isichelewe na kuleta mwangwi. Wakakutana kwenye 48, namba ambayo haikuwa chaguo la upande wowote, na juu yake kichwa cha baiti 5 chenye maelekezo ya njia. Karibu sehemu ya kumi ya njia ikaenda kwenye vichwa.

Siku hizi utengaji unarudi kwa nguvu. Mitandao ya viwandani inatumia Ethaneti yenye ratiba ya muda, ambapo agizo la roboti lina dirisha lake ambalo hakuna faili la mtu linaloweza kuliingilia. Kizazi cha tano cha simu kinaruhusu mtandao kukatwa mapande, kila pande na ahadi zake. Wakosoaji wanahofia kwamba pande zuri litauzwa kwa mwenye fedha na wengine wabaki na makapi, na hofu hiyo ina msingi. Mimi ningekubali utengaji kwa masharti mawili: uwe mdogo na wa kazi zinazojulikana, kama huduma za dharura au mitambo inayoweza kuumiza mtu, na sehemu iliyotengwa isipotumika irudi kwa wote papo hapo, mwenyewe akiihitaji aipate bila kusubiri. Mgawaji anayeamua kila milisekunde anaweza kabisa kufanya hivyo. E1 haikuweza.

Kwa njia iliyobaki, ambayo ni kubwa, vipimo vibadilike. Asilimia ya matumizi ibaki kwa mhasibu. Anayepita apimiwe muda wa kuchelewa, kwenye saa ya msongamano, njia ikiwa imejaa. Tatizo ambalo mwanaprogramu Jim Gettys alilipigia kelele mwanzoni mwa miaka ya 2010 lilionyesha kwa nini. Ruta nyingi zilikuwa na akiba kubwa ya kumbukumbu, hazikutupa pakiti, na kwa asilimia zilionekana za kupigiwa mfano, njia imejaa muda wote. Ndani yake pakiti zilikuwa zinakaa foleni kwa sekunde nzima au zaidi. Mtu mmoja akipakia video, simu ya mwenzake ndani ya nyumba ileile inakuwa haisikiki.

Dawa mojawapo, mbinu ya kupanga foleni iitwayo FQ-CoDel, ilichapishwa rasmi mwaka 2018. Inaigawa foleni moja kuwa nyingi, 1,024 kwa kawaida, kila mazungumzo yakipangiwa ya kwake, na kuzihudumia kwa zamu huku ikitupa mapema pakiti zilizokawia. Uwezo wa njia hauongezeki hata biti moja, na kuchelewa kunashuka sana. Ila inapogawa sawa, inagawa kwa kila muunganisho. Programu inayofungua miunganisho 20 inapata mafungu 20, na anayesubiri barua moja anapata fungu moja. Zipo ruta zinazogawa kwa kila anwani badala yake, lakini nyuma ya anwani moja anaweza kuwepo mtu mmoja au jengo zima, na ruta haina namna ya kuwahesabu.